Meli Yako Ilipotua Uwanja wa Ndege

Mtoni, Unguja
20 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kheir,

Assalaam alaykum. Shikamoo uliyonitumia imefika, marahaba. Hujambo wewe, na lile jino limeacha kukusumbua? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama goti lake limepoa, ulimi ndio haujapoa.

Nikupe kisa cha Jumatatu, maana najua wengine wamekuonea haya. Ile ramani ya meli uliyomwekea mama kwenye simu, huifungua kila baada ya sala kama anayekagua chungu jikoni. Siku hiyo akaniita nimsomee. Kialama cha meli yenu kimepanda nchi kavu, katikati ya uwanja wa ndege huko Ghuba! Nami kwa ujinga wangu nikasoma kama kilivyo: "Kheir yuko uwanja wa ndege."

Basi! Mama akapiga vigelegele. "Mwanangu keshashuka melini, anarudi!" Majogoo wawili wakaaga dunia, biriani ikapikwa, na alasiri tulikuwa uwanja wetu wa ndege, Kisauni, mimi, mama na ami Mahfoudh ndani ya kanzu yake ya Idi. Tulimtazama kila abiria aliyetoka mpaka wakaisha. Sasa nacheka, lakini pale sikucheka, maana mama aliushika mkono wangu akaniuliza kama wewe uko hai.

Jumanne ujumbe wako wa sauti ulipofika tukapumua. Ami ndiye aliyemfahamisha mama: makombora na droni za vita vya huko Ghuba huongozwa na setilaiti, na anayelengwa hurusha mawimbi ya uongo ili makombora yapotee. Meli zilizo karibu huuokota uongo huo huo, ndipo yenu ikaonekana nchi kavu. Yale yenye macho ya kamera, hayo huzibwa macho kwa moshi.

"Kumbe kombora nalo huuliza njia!" mama akasema. "Kama mgeni Mji Mkongwe, ukimuonesha uchochoro sio, hafiki."

Tukacheka, mpaka alipouliza likishapotea linaangukia wapi. Ami akakumbusha ulivyosema mwenyewe, kwamba mengi huangukia baharini tu.

"Baharini tu? Na mwanangu yuko wapi?"

Hapo, Kheir, hata mimi niliogopa.

Ramani ameifuta. Yeye binti wa Tumbatu, kisiwa cha wavuvi. Babu alijua alipo baharini kwa kutazama alama mbili za nchi kavu, mnara wa msikiti na mnazi nyuma yake, mpaka zikae mstari mmoja. Basi kila Ijumaa anataka umtajie vitu viwili ulivyoviona kwa macho yako, mlima, mnara, chochote. Usiruke hata Ijumaa moja, tafadhali, nitakayekoma ni mimi.

Ami anakusalimu sana, na Bi Sichana wa jirani, aliyekula biriani yako, anakuombea. Mwenyezi Mungu akupitishe salama katika kweli na uongo wa hao wanaopigana.

Mama naye kakupa alama zake mbili: mlango wetu wa buluu, na yeye kibarazani mbele yake. Zikikaa mstari mmoja, ushafika.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Nassra