Mlango wa Kushoto wa Gari Lako

Babu,

Kesho mnunuzi anakuja kutoka Arusha kuliona gari lako.

Tangu tukuzike Butiama, mimi ndiye ninayelifuta vumbi hapa Bweri kama ulivyonifundisha: kitambaa laini, maji kidogo, usisugue. Gari la spoti uliloachiwa na yule mhandisi Mtaliano alipomaliza kazi ya barabara bado ni lilelile. Viti vyake vya ngozi vimepasuka na rangi ya bluu imefifia, lakini ni ya kiwandani. Nakumbuka uliponikalisha kwenye usukani ukasema, "Rangi ya kwanza ni moja tu, mjukuu wangu. Ikitoka, hairudi." Mnunuzi naye kasema hivyohivyo kwenye simu: analitaka kwa sababu halijawahi kupakwa upya. Likiuzwa, Bibi atafanyiwa upasuaji wa macho. Siku hizi ananitambua kwa sauti.

Sasa, Babu, sijui nikwambieje. Jana nikiwa shuleni, Shangazi Nyangeta alikuja kutoka Suguti kutusaidia kumpokea mgeni. Akafagia uwanja, akaosha vikombe, kisha akaliona gari. Akalisugua kwa majivu na mchanga, vile anavyosuguaga sufuria ziwani. Nilipofika, mlango wa kushoto ulikuwa umebaki bati tupu, kipande cha upana wa sahani. "Ona linavyong'aa!" akaniambia, amefurahi kweli. Nilishindwa kumkasirikia. Nililia tu, na yeye akabaki ameshika dodoki lake, hajui kakosea nini.

Baba Mdogo akaja na kopo la rangi ya bluu. "Tunapaka hapo tu, hataona." Nikamwambia hata asipoona, sisi tumeona. Akanicheka: "Haya, mwalimu mkuu! Macho ya mama yangu utayatibu kwa chaki?"

Bibi ndiye aliyesema, "Mwacheni. Mzee alimwachiaga yeye alitunze." Kopo halijafunguliwa.

Lakini mnunuzi akigeuza gari lake akaondoka, Babu, atakuwa ameondoka kwa sababu yangu. Nalifikiria hilo tangu asubuhi. Halafu nafikiri labda mtu anayependa kitu cha zamani anajua pia kusamehe.

Pumzika, Babu yangu. Nakuahidi: kesho, kabla mgeni hajauliza lolote, nitampeleka kwanza upande wa kushoto.

Mjukuu wako,
Nyamisi