Dirisha Moja Linatosha

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na wale watundu wako wawili, na kwamba mgongo umepata nafuu tangu mlipopewa viti vipya kule kiwandani. Sisi huku tupo, tunapumua. Baba anakula, analala, anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Nikisema hajambo nitakuwa nakudanganya, na kukudanganya nimechoka.

Najua utashangaa kupata barua ya kalamu kutoka kwangu, mtu ambaye hata salamu za mwaka mpya nilikuwa nakutumia picha ya maua niliyotumiwa na watu wengine. Simu nimeizima. Iko kabatini, chini ya mashuka. Kwa hiyo kimya changu cha wiki nzima usidhani nimekususa.

Daktari ametuambia kwamba ule moshi wa jenereta umeharibu kumbukumbu za baba, na kwamba tusitegemee zitarudi. Ya zamani anayo yote. Anakumbuka siku uliyoanguka na sare mpya kwenye matope na jinsi ulivyotaka kumsingizia mbuzi. Ila jambo jipya halikai. Ukimwambia leo Jumanne, kabla hujanyanyuka ameshakuuliza leo siku gani. Zaidi anauliza mayai, kama yamegeuzwa. Yale mayai mia tatu niliyatoa kwenye mashine ya kutotoleshea nikayafukia mwenyewe nyuma ya nyumba, lakini namjibu yamegeuzwa, baba. Anafurahi, anakaa kidogo, anauliza tena. Jana nilihesabu mpaka thelathini nikaacha.

Mimi huyu, dada, ambaye maswali matatu kwa siku yalinishinda! Wewe ulikuwa mbali, hukuona tulivyoishi tangu nimnunulie ile simu. Alikuwa ananipigia nikiwa kazini, friji la mtu limefunguliwa tumbo mezani, ananiuliza kwa nini simu inasema imejaa wakati yeye hajaweka kitu. Mara anauliza yule dada anayeongea ukikosa salio yuko ofisi gani. Mwanzo nilikuwa nacheka. Baadaye nikawa namkata, namwambia mzee, kila kitu kiko mtandaoni, andika swali lako utafute mwenyewe, usinisumbue.

Na alijaribu, maskini. Siku moja nikaichungulia simu yake, nikakuta kwenye kile kisanduku cha kutafutia ameandika: Habari za leo, poleni na kazi, mimi ni mzee mfugaji wa kuku, naomba kuuliza chanjo ya vifaranga hutolewa siku ya ngapi, natanguliza shukrani. Mpaka na jina lake kaweka chini! Mashine haikumwelewa, ikamletea matangazo ya kuku wa kukaanga. Nilicheka mpaka machozi, nikawahadithia wenzangu karakana nzima. Sikukaa naye hata dakika kumi nimwonyeshe.

Kumbe aliona afadhali aulize watu. Akajiunga na kile kikundi cha mtandaoni cha kuuliza mafundi, akajiita Mgeni Wenu. Mimi sikujua.

Siku ile umeme ulikatika asubuhi, na mchana ikaja mvua ya upepo. Jenereta ilikuwa nje, chini ya upenu, maji yakawa yanaipiga. Mayai yalikuwa siku ya kumi na mbili, na wewe unajua baba na mayai yake, yakipoa ni kama kapoa yeye. Akaandika kule kikundini kwamba mvua inamnyeshea, kazi yake itaharibika, je, jenereta anaweza kuiingiza ndani? Mayai hakuyataja. Akajibiwa haina shida, afungue dirisha moja tu, linatosha. Akaiburuta peke yake mpaka chumba cha mashine, akafungua dirisha moja, akakaa kwenye kigoda chake kuyalinda. Jirani yetu mshona viatu ndiye aliyemkuta, alipokuja kurudisha koleo. Alimvuta kwa mabega mpaka nje kwenye mvua. Bila yeye leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Kinachonimaliza ni kwamba jibu lilikuwa humo humo chumbani. Kitabu cha jenereta kinaning'inia kwenye msumari, ndani ya mfuko wa plastiki, hakijafunguliwa tangu siku niliyomletea. Na ubavuni mwa jenereta yenyewe kuna picha ya jenereta ndani ya nyumba, imepigwa msalaba mwekundu, hata asiyejua kusoma angeelewa. Lakini si unamjua baba! Kila kitu lazima kivalishwe nguo kisichakae. Rimoti ina nguo, redio ina nguo. Jenereta aliishonea kitambaa cha maua kutoka kwenye lile pazia la marehemu mama, kikafunika ile picha barabara.

Mshona viatu, aliyeiona simu ya baba ikiwa wazi pale kigodani, alikuambia kwamba aliyempa baba lile jibu anajiita Fundi Makini. Ukaniomba nikutafutie mtu huyo, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa mitandao, umpate umshitaki, au angalau umtazame usoni. Nikakujibu nimemtafuta, amefuta jibu lake na kutoweka, pengine hata nchi si hii. Ulilia kwenye simu ukanishukuru kwa kuhangaika.

Dada, acha kumtafuta. Fundi Makini ni mimi.

Ndilo jina langu kule. Nilikuwa na wafuasi, nilikuwa naitwa mkuu. Mimi ni fundi wa mafriji, jenereta najua kuiwasha na kuizima, basi. Lakini niliona swali, nikajibu kabla sijamaliza kulisoma, kwa sababu nilitaka niwe wa kwanza. Kuna mtu alikuja akaandika kwamba moshi wa jenereta unaua, mzee asome kwanza kitabu cha jenereta yake. Nikamdhihaki, nikamwambia yeye akasome vitabu, sisi wengine tunafanya kazi. Watu wakacheka, wakanipigia laiki themanini na kitu. Na Mgeni Wenu akaniandikia: Asante sana kijana wangu, una moyo wa kuwajibu wazee. Nikamtumia kopa jekundu, ile alama ya moyo.

Hospitalini nesi aliponikabidhi simu ya baba, niliikuta bado iko pale pale, kwenye jina langu na lile kopa. Nilitoa simu yangu nikalifuta jibu langu nikiwa nimesimama koridoni, kabla hata sijaingia kumwona. Halafu nikaona pia kwamba saa nane na dakika tano, kabla hajauliza watu, alinipigia mimi. Niliiona simu ikiita, dada. Nikasema moyoni, huyu naye, na maswali yake. Nikaiacha iite.

Baba nimeshamwambia. Nilipiga magoti nikamweleza yote, akanisikiliza, akalia, akaweka mkono kichwani kwangu akasema yamepita. Kisha akaniuliza kama mayai yamegeuzwa. Kesho yake nikamwambia upya, akalia upya, kama hajawahi kusikia. Nikaona namtesa. Sitamwambia tena. Yeye hawezi kulibeba neno hili, halikai. Kwako litakaa. Fanya nalo unavyoona, ukitaka kunishitaki nitakuja mwenyewe na ushahidi wangu, na ukikaa miaka bila kuniandikia sitauliza kwa nini.

Msalimie sana shemeji, nibusie watoto, waambie babu anawaulizia, na hilo si uongo, anawaulizia kila saa. Mshona viatu naye anakusalimu. Utunze mgongo.

Ningemaliza hapa, ila baba amesogeza kigoda karibu yangu ananiuliza naandika nini. Nimemjibu namwandikia dada barua. Ameuliza tena, nimemjibu tena. Kila nikimjibu ananishika mkono, ananiambia asante sana kijana wangu, una moyo wa kuwajibu wazee.

Ni mimi mdogo wako,
ikiwa bado utakubali niitwe hivyo.