Makoti Sitini Kuanzia Inchi ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Wifi ametangaza vita. Mbele ya cherehani zote nane! Tangu apewe usimamizi wa karakana hapumui. Makoti sitini ya madaktari yameagizwa kwa milimita, kwa hiyo inchi marufuku. Nikikosea, meza ya kukatia naiacha, niende kushona vifungo. Miaka ishirini na miwili mezani! "Bibi Inchi," akaniita, "ukizeeka na tepu yako usituzeeshe." Wakacheka wote. Nami nikacheka, ningefanyaje? Ndiye dada wa mume wangu — nimshitaki kwa nani?

Jumanne, 4 Machi
Karatasi ya vipimo inasema urefu, pamoja na pindo, 1,050. Nikadhani sentimita. Nikaomba mita kumi na nusu za kitambaa, koti moja. Wifi akauliza, kwa sauti ya mnadani, tunamshonea daktari au twiga.
Nyumbani mume akanifundisha. Milimita kumi, sentimita moja. Sentimita mia, mita moja. "Unagawa kwa kumi, mke wangu, si kwa hasira." Kisha akanipima kiuno kwa milimita. Maelfu! Nimemnunia.

Jumatano, 5 Machi
1,050 ni 105. 380 ni 38. Hata sufuria nimezipima. Kumbe si uchawi. Ila nisimwambie Wifi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekata yote sitini! Ncha ya tepu yangu imeliwa na miaka, hivyo, kama kawaida, naanzia inchi ya kwanza, mwisho natoa moja. Nilitaka 105, nikakata penye 106.
Wifi akaja kukagua, shingo ndefu. Akaichukua tepu yangu. Naye akaanzia inchi ya kwanza, naye akatoa moja — nani alimfundisha kazi, kama si mimi? Yote 105. Akatia sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi. Jina lake kubwa, na mstari chini.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi, nikikunja tepu, nimeigeuza upande wa sentimita. Nyuma ya inchi ya kwanza hakuna sentimita moja. Kuna mbili na nusu! Tumeanzia kwenye inchi, tukatoa sentimita. Makoti yote sitini yamepungua sentimita moja na nusu.
Hayajaharibika. Pindo la chini ni sentimita tatu. Likipindwa nusu yake, urefu unarudi. Lakini lazima lisemwe sasa, kabla ya kupinda. Hospitali wanapima kwa rula ya chuma, na pungufu wanarudisha.
Nikisema — vifungo. Nisiposema — sahihi si yangu. Jina langu halipo popote.
Cherehani zimeanza. Naandikia hapa mezani. Makoti tisa tayari yana pindo.
Wifi amekuja na kikombe cha chai. Chai! Kwangu! Akakiweka juu ya daftari hili hili, doa ndilo hilo. Akasema kwa sauti, wote wasikie: "Mnamwona Bibi Inchi? Hata jiwe nikilifundisha mimi, linajua hesabu."
Wakacheka.
Nikafungua mdomo.
Nikanywa chai. Tamu, kaweka sukari nyingi.
Kumi na moja.
Kumi na mbili —