Mwangi Amesema Ua Lako ni Jeupe

Mwanangu Wanjiru,

Barua hii haipiti posta. Inakuja na Bi Zuhura wa Majengo, anayekwenda huko Nakuru kumwona dada yake, na nimemwambia asiiache mkononi mwa mtu mwingine ila wewe. Si jirani, si mume wako. Mwandiko ni wangu mwenyewe, wa darasa la ngumbaru, kwa hivyo usicheke ukiona herufi zinapanda mlima. Haya si maneno ya kumpa mtu aniandikie.

Nakuuliza jambo moja tu, mama: uko salama huko?

Baba yako anasema mimi nashuku hata jua likichomoza. Pengine. Lakini ngoja nikueleze.

Unakumbuka udongo wetu wa hapa mtaani Jericho, ule mweusi, unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua na kupasuka kiangazi mpaka kifaranga kinapotelea ndani. Watu walituambia, pandeni sukuma wiki mnyamaze, maua ni ya wenye nafasi. Tukauchimba sisi wawili. Tukauchanganya na mchanga na samadi, ukilalamika kwamba wasichana wenzako wanakuona umebeba mavi ya ng'ombe kichwani. Wewe ulitaka bogenvilia, kwa sababu inamea haraka na inaonekana kutoka barabarani. Mimi nikakataa. Nikakuambia bogenvilia ni mgeni mwenye kisu mfukoni. Lantana nayo, ukiipa kona leo, mwakani inakuuliza wewe unakaa nyumba ya nani.

"Mama, kumbe hata maua unayashuku?"

"Hayo ndiyo ya kwanza."

Nilitaka lile la pale Parklands nilipokuwa nafua nguo. Ua linalofunguka likiwa zambarau, kesho yake linapauka kama zambarau iliyotiwa maziwa, halafu linakuwa jeupe ndipo lianguke. Na kwa kuwa hayafunguki yote siku moja, rangi zote zinakaa pamoja juu ya kichaka kimoja. Yule mama mwenye nyumba alinipa tawi, nikalifunga na kitambaa kibichi nikaja nalo.

Ulijifunza kupandikiza kwa lile. Tawi lisiwe changa la kulegea wala gumu kama fimbo. Kata chini ya kifundo, ng'oa majani ya chini, liweke kivulini, kisha uliache. Wewe hukuliacha. Kila asubuhi kabla ya shule ulilivuta uone kama limetoa mizizi, ukalirudisha. La kwanza likafa, la pili likafa, na mimi nikawa nimeshamshuku jirani yetu Mama Otieno kwamba anamwaga maji ya sabuni pale usiku. Mpaka siku nilipokukuta umelishika mkononi kama samaki.

Maskini Mama Otieno. Naye alikuwa akipita anasema, "Mama Wanjiru, nipe kijiti kimoja tu. Ama hayo maua umeyaweka benki?" Nami nasimama hapo mlangoni mpaka apite. Wewe ulikuwa ukimpa kijiti nikigeuka. Nilijua.

Ulipoolewa nilikupa mche wako kwenye mkebe, umeshashika. Nikakuambia: jua la asubuhi, kivuli cha mchana, machicha ya chai miguuni, na upogoe maua yakishakwisha, si kabla. Ukaniambia, "Nitaupanda mlangoni, mama, nikiuona nikuone." Nililia ukiwa umeshaondoka.

Sasa sikiliza. Jumapili mumeo Mwangi alikuja hapa peke yake, na nyama ya soko la Burma imefungwa kwenye gazeti. Akasema wewe una kazi nyingi. Unajua desturi yetu: mimi na mkwe wangu hatutazamani usoni, sembuse kumhoji mambo ya nyumbani kwake. Na siwezi kuja huko mpaka atualike tuje kuona itara, ile dari ya kuni juu ya meko, tuone jiko lako na kuni zako. Kualika kwenyewe, kwanza ilikuwa mvua, halafu nyumba inapakwa rangi, halafu ana safari. Siwezi kumuuliza, "Mtoto wangu anakula? Unampiga?" Kwa hiyo nikauliza la ua.

"Na lile ua nililompa Wanjiru, linaendeleaje?"

"Ah, hilo, mama! Limejaa maua. Meupe pe. Analimwagilia maji kila jioni."

"Meupe tu?"

"Meupe tu, mama. Kama shuka za hospitali."

Nikaweka kikombe chini. "Hakuna rangi nyingine?"

Akacheka, akamtazama baba yako kama kwamba ninazeeka. "Rangi gani tena, mama?"

"Mmelipanda wapi?"

"Liko... liko nyuma. Nyuma ya nyumba."

Alipoondoka nikamwambia baba yako, huyu hajawahi kuliona. Akaniambia nimpumzishe. "Mwanamume gani anatazama maua? Unafikiri mimi nalijua lako?"

"Basi niambie ni rangi gani."

Kisha akasema polepole, "Zambarau. Na nyeupe. Na ile ya katikati." Mtu anayeshinda kwenye grisi ya reli mchana kutwa, Wanjiru! Kwa sababu anapita hapo kila siku akiingia nyumbani. Hata nyama hakuimaliza. Alitoka nje akasimama uani muda mrefu.

Labda ua lilikufa. Maua hufa, sigombani na wewe kwa ajili ya ua. Labda unakaa chumba kimoja na nje ni simiti tupu, na mumeo ameona haya kusema. Ningejua hivyo ningelala. Mimi nilianza ndoa nyuma ya pazia, na jamaa ya baba yako wakikoroma upande wa pili. Lakini mtu anayedanganya kitu kidogo asichoulizwa kwa ukali, kikubwa anakificha wapi? Na yeye anakaa wapi, kama jioni unapomwagilia hayupo? Au asiyekuwepo ni wewe?

Bi Zuhura anarudi Alhamisi. Nimemwambia akuone kwa macho yake, akushike mkono, atazame uso wako na shingo yako. Ukimwambia kwa mdomo wako, mkiwa wawili tu, kwamba nitulie, nitatulia. Akiambiwa mlangoni kwamba umetoka, au umelala, au rudi kesho, Ijumaa nitapanda basi la kwanza. Najua sijaalikwa. Najua wazee watasema nimevunja desturi na kumfedhehesha mkwe. Wacha waseme. Baba yako ameshaomba ruhusa kazini, na hilo hajawahi kulifanya hata tulipofiwa.

Kama ukitaka kurudi, usifungashe chochote. Njoo na Bi Zuhura vile ulivyo.

Na Mwangi akikuuliza barua imesema nini, mwambie mama anakuja kupogoa, na panga analo.

Anayekuwazia akipika na akilala,
Mamako