Umeshatunzwa, Mama

Maskati, Mfungo Mosi, 1969

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mikono yote miwili na paji la uso. Natumai barua hii inakukuta u mzima hapo Mombasa, goti limepoa, na Zuleikha hakuchoshi sana na mambo ya harusi yake. Mimi sijambo, nakula, nalala, na kabla hujauliza, nasali kwa wakati. Joto limetuachia kidogo, alhamdulillahi.

Leo sitaanza na habari za kazi. Uliniandikia kwamba siku ya harusi utaalika watu waje kuimba, kwa kuwa sauti yako wewe ilibaki Unguja tulipoondoka. Na Zuleikha akaniandikia barua ya pembeni, analia. Hataki mtu wa kualikwa. Anataka mamake amwimbie kama ulivyowaimbia mabinti wa mtaa mzima. Sasa ninalo jibu, kwa hiyo kaa kitako.

Kule kambi ya mafuta, ambako bado mimi ni karani wa stoo, amekuja fundi wa kuchomelea mabomba, Mmarekani mweusi, anaitwa Klarensi. Mrefu, mcheshi, na pilipili anaila kutushinda sisi. Ana gitaa, na ana sanduku la santuri ambalo haruhusu mtu alishike. Mchana wa Ijumaa, kazi ikisimama, huniita akanipigia muziki wa kwao na kunieleza asili yake. Wenyewe wanauita bluzi.

Ulianzia kwenye mashamba ya pamba, kwa wajukuu wa watumwa. Walikuwa wakiitana kwa sauti huku wanalima, mmoja anaanza, wenzake wanaitikia. Baadaye akatokea mtu na gitaa lake, anazunguka vituo vya treni akiimba yaliyomfika: ameachwa na mke, mto umefurika, tajiri kamdhulumu. Walikuwamo vipofu walioshikwa mkono kupelekwa sokoni kupiga, wakaja kuwa watu wakubwa. Yuko mmoja wanayesema alikutana na shetani njia panda akamfundisha gitaa. Hapo nilisoma audhubillahi, na Klarensi akacheka mpaka akapaliwa. Kisha watu wakahamia miji ya kaskazini kutafuta kazi viwandani, na huko kwa wingi wa makelele gitaa likatiwa umeme. Siku hizi vijana wa Kiingereza, weupe pe, wanauiga na kutajirika. Jambo hilo linamchekesha Klarensi na kumuudhi kwa pamoja.

Lakini sikiliza hili, mama. Walioanza kuutia muziki huo kwenye santuri, watu wakagombania kununua, walikuwa wanawake. Mabibi wa haja, wamejipamba dhahabu na manyoya, sauti inajaza ukumbi bila kipaza sauti. Santuri zao zilipoacha kununuliwa, wengine walirudi kufua na kufagia majumba ya watu, wakadhani yamekwisha. Uzeeni wakatafutwa, wakapandishwa jukwaani, na wakaimba. Klarensi alinipigia mmoja wao. Sauti imekwaruza, haipandi tena kama ya usichana, na bado ilinitoa machozi mbele ya watu. Nilikufikiria wewe tu.

Basi Ami Seif akasema nimlete Klarensi nyumbani Sikukuu ya Idi. Unamjua shemeji yako na uoga wake wa serikali. Hapa ala za muziki hazipigwi hadharani, kwa hiyo alifunga milango yote na madirisha ndipo akaturuhusu. Wanaume tulikaa ukumbini, Shangazi Moza na wanawake wengine nyuma ya pazia, wote watu wetu wa Unguja.

Klarensi akaanza. Ami, aliyekuwa ameapa kwamba atasikiliza kwa heshima tu, akapandwa na muziki. Akainuka, akaenda kwa madaha, noti mkononi, akamtunza Klarensi kwa kumtilia kwenye mfuko wa shati. Klarensi akakata wimbo palepale, akaweka gitaa chini.

"Nimewaudhi?" akaninong'oneza. "Kwetu mtu akikulipa katikati ya wimbo, anataka unyamaze."

"Kimempata nini huyu?" Ami akauliza, bado kasimama. "Mbona kanyamaza, na mie ndo kwanza nnaingia?"

Tulicheka mpaka wanawake wakauliza kulikoni. Nikamfahamisha Klarensi kwamba kwetu anayetunzwa hanyamazi, huurudia ubeti. Akaokota gitaa kwa furaha, akaendelea.

Sasa, gitaa lina vyuma shingoni vinavyokata sauti vipande vipande. Ile sauti ya huzuni anayoitaka Klarensi imekaa baina ya chuma na chuma, ndiyo maana huivizia kwa shingo ya chupa aliyoivaa kidoleni. Udi wa marehemu Baba, uliokuwa pale ukumbini, hauna vyuma. Nikauchukua, nikaweka kidole, sauti ikatoka.

"Hiyo umeipata wapi?" akaniuliza.

"Ipo siku zote," nikamwambia. "Mamangu huimba humo."

Nikapiga wimbo wako, mama. Ule uliomtungia Baba alipochelewa safari, wa mlango usiotiwa komeo. Nilidhani nitapiga udi mtupu. Nyuma ya pazia Shangazi akaanza maneno, wenzake wakaitikia, na Klarensi akatufuata kwa gitaa, polepole, hakukosea hata mara moja. Kila mtu alikuwa akiufikiria mlango wake aliouacha Unguja. Ami alilia waziwazi, wala hakujificha. Mama, nilifurahi furaha ambayo sikuipata tangu nifike nchi hii!

Klarensi akauliza nani katunga. Nilipomwambia akatikisa kichwa. "Mamako mwimbaji wa bluzi," akasema, "na hajaambiwa."

Mara mkono ukapita kwenye pazia, ukaweka bangili juu ya udi. Ile ya dhahabu ya Shangazi, aliyotoka nayo Unguja. Nikataka kumrudishia.

"Wee Nassor, hiyo si yako, wala si yangu tena," akasema. "Wimbo una mwenyewe. Mpelekee mwenyewe."

Ami Seif, anayetangulia kuja harusini, ndiye anayekukabidhi barua hii pamoja na bangili yenyewe. Nisalimie bibi harusi wetu Zuleikha, umwambie afute machozi. Nisalimie Bibi Zamzam aliyetulea, na Mwalimu Faki, jirani yako, na udi wake usiokwisha kukatika nyuzi. Mwambie aufunge mpya, atahitajika.

Vaa bangili, mama. Umeshatunzwa mbele ya watu. Usije ukafanya kosa la Klarensi ukanyamaza.

Mwanao akupendaye,
Nassor