Mama, Si Wewe Unayemsumbua Eliza

Mama, shikamoo. Marahaba najua sitaisikia, ila ulinifundisha nisianze neno na mkubwa bila salamu.

Nimekuja na aibu. Mwaka jana, baada ya mavuno, nilisimama kaburini kwako hapa Zombo nikakufokea. Mbele ya Mama Mkubwa, mbele ya Mjomba, nikasema, "Kama ulikuwa unampenda, mbona unamtesa?" Leo nakuandikia kuyafuta yale maneno.

Ilikuwa hivi. Ulipoondoka mjukuu wako Eliza alikuwa na miaka minne, unakumbuka alivyokuwa, mguu hautulii. Alipoanza darasa la kwanza mambo yakaharibika. Hakai kwenye dawati. Anajibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Nikimtuma chumvi dukani anarudi na jongoo mkononi, chumvi hana, hela hana, na ukimuuliza anakutazama kama ndiyo kwanza anasikia habari ya chumvi. Mwalimu alimchapa mpaka akachoka yeye. Na mimi nilimchapa, Mama. Sikufichi.

Ndipo Mama Mkubwa akasema, "Huyo ni marehemu. Anataka jina lake." Ukoo ukakaa, tukamwaga togwa na unga kaburini, Eliza akapewa jina lako, Sikudhani. Tukangoja atulie. Hakutulia. Wakasema basi umekasirika, tumechelewa mno. Nami nikaamini. Ndiyo ile siku nikakufokea.

Na hapo sijafika pabaya. Msimu wa kupalilia alinitoroka shambani, tukamkuta ukingoni mwa mto, na mto umejaa. Nikaogopa. Kesho yake nikamfunga mguu kitandani kwa kamba ya katani, nikaenda kulima. Niliporudi saa nane alikuwa ameivuta ile kamba mpaka nyama inaonekana. Halii. Akaniambia, "Mama, nilijaribu kutulia."

Kidonda kikaoza, nikampeleka hospitali mjini. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, akauliza kimetokana na nini. Nikasema. Hakunitukana. Akaanza kuuliza habari za Eliza tangu utotoni, akaturudisha mara tatu, akaomba na maelezo ya mwalimu. Mwisho akasema hali hii ina jina, ADHD, ndivyo ubongo wake unavyofanya kazi. "Anakusikia vizuri," akasema. "Ila wewe, mbuzi na redio ya jirani mnamwita wote kwa sauti moja, naye hajui amwitikie nani." Si ukaidi. Si malezi mabaya. Si mzimu. Akatuandikia twende Morogoro kwa wataalamu, na huku nyumbani nimpe neno moja moja, nimtazame usoni, nimpe kazi fupi, akimaliza nimsifu.

Nilitoka nje nikakaa chini nikalia. Maana ndivyo ulivyokuwa unamfanyia. "Eliza, lete kikombe." Analeta. "Haya, chota maji." Anachota. Mimi nikidhani unamdekeza.

Jumapili iliyopita Mjomba alikuja kumchukua, ampeleke Msowero kwa mganga, akakae huko "mpaka marehemu amtoke." Achanjwe, afukizwe, afungwe. Nilisimama mlangoni. Nikamwamkia, kisha nikamwambia mtoto haendi. Unajua mjomba ni nani kwetu. Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia hata kuni. Akanitazama, akasema, "Basi siku ukifiwa, zika mwenyewe." Akaondoka na baiskeli yake bila kunywa maji. Toka hapo Mama Mkubwa hapiti kwangu, na kisimani nikisalimia, wengine wanaangalia ndoo zao.

Sikudanganyi kwamba mambo ni mazuri. Eliza bado hatulii. Mwalimu amekubali akae dawati la mbele, lakini fimbo hajaiacha yote. Kovu la mguuni atazeeka nalo, na siku akiniuliza nitamwambia ni mimi. Kuna jioni nachoka mpaka naogopa mikono yangu mwenyewe. Basi naiweka chini ya mapaja, nahesabu pumzi, ndipo namwita.

Jumatatu tunaondoka na basi la asubuhi kwenda Morogoro. Huko simjui mtu.

Nisamehe, Mama, upumzike. Kamba ile niliichoma. Nitamshika mkono, na akiniponyoka akakimbia, nitamfuata. Nimechoka, lakini miguu ninayo.

Mwanao,
Rehema