Baba Kamficha Mama Yake Sigara, Kamficha na Nesi

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana jambo limenikaa kooni, mimi ni mama wa mtoto mmoja bado ananyonya, shule niliishia njiani basi unisamehe mwandiko, na hili ni la baba yangu, fundi makochi, amevuta sigara tangu ujana wake, anavutia nyuma ya karakana kwenye marobota ya sponji kisha anatafuna karafuu na kunawa kwa ndimu, kwa sababu bibi, mama yake mzazi tunayekaa naye, aliapa kwamba yeye hakuzaa mvuta sigara, na baba na mvi zake zote anamwogopa hadi leo. Sasa hospitali walitangaza kipimo cha saratani ya mapafu kwa watu wa umri wake waliovuta miaka mingi, hata kama hawaumwi, nikambembeleza akakubali, bibi tukamwambia ni kupima kifua tu, naye akavaa viatu akasema anamsindikiza mwanawe, na nesi alipomuuliza baba kama amewahi kuvuta, baba akamtazama bibi, akajibu, "Mimi? Hata moshi wa kuni siupendi," basi nesi akasema kipimo hiki hakikuhusu, mzee, nenda nyumbani, na mimi na mtoto mgongoni nikawafuata nje, na sasa baba anatamba mtaani kwamba madaktari wamemwona mzima mpaka wakamrudisha, na kweli hakohoi, je nimwambie bibi au niendelee kutumaini?

Mama Kichanga

Mama Kichanga, pole. Huruma yangu inaishia hapo.

Baba yako hajapimwa. Kapita nje ya chumba cha mtihani, sasa anajisifu kafaulu. Mtu mzima mwenye mjukuu anavuta juu ya sponji. Siku karakana ikiwaka atamwambia mama yake ni radi?

Eti hakohoi. Ndiyo maana hospitali inawaita hata wasiokohoa. Saratani ya mapafu haipigi hodi. Ukisikia kikohozi, mara nyingi imeshatandika kitanda. Ikikutwa changa, matibabu yana nafasi kubwa zaidi. Na wewe unatumaini. Tumaini ni zuri, mwanangu, ila halioni ndani ya kifua.

Bibi usimwambie, siri ni ya baba, aitoe mwenyewe. Mfuate karakanani umwambie kwamba nesi alimrudisha kwa uongo wake, si kwa uzima wake. Mrudishe wiki hii, bibi abaki na mtoto. Aseme kweli: alianza lini, anavuta kiasi gani kwa siku. Atalala, mashine itampiga picha, atainuka. Wakiona doa asizimie, madoa mengi si saratani, afuate watakachomwambia. Na aombe msaada wa kuacha, maana picha haitoi moshi kifuani.

Akisema anamwogopa mama yake, mjibu hivi: bibi atasema, atanuna, atasusa hata salamu, kisha atasamehe. Lakini baba akilazwa kwa kuchelewa, bibi atakaa kando ya kitanda na kuuliza ni nani alikuwa anajua. Na wa kumjibu utakuwa wewe.